Chini ya Mawe ya Dobi

Matroni alikuwa amestaafu kazi, lakini macho yake hayakustaafu. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima alivitumia kusimamia bweni la wasichana, na kazi ya namna hiyo, kama alivyopenda kueleza mwenyewe, ni kujua mlango upi umefunguka na nani amevaa viatu wakati watu wote wako peku. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata watu waliomzidi umri walimwita Matroni, na yeye aliitika.

Aliishi na mwanawe wa pekee, dereva wa lori la masafa marefu, pamoja na mke wa mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na mahakama. Kwa kuwa dereva alikuwa mtu wa barabarani zaidi kuliko mtu wa nyumbani, nyumba ile kwa kweli ilikuwa ya wanawake wawili. Waliheshimiana sana, heshima ile ya watu ambao bado hawajajuana vizuri.

Asubuhi moja ya Jumamosi, Matroni akiwa bado amejifunika shuka, alisikia komeo la mlango wa nyuma likivutwa taratibu. Machale yakamcheza. Mtu mwenye safari halali huvuta komeo kama komeo. Akasogeza pazia kidogo, akamwona mkwe wake anatoka na begi mgongoni, suruali ameikunja hadi magotini, mabuti ya mpira ameyashika mkononi ili yasipige kelele kwenye sakafu ya ua. Aliporudi, jua lilikuwa limeshapanda. Mikono ilikuwa imeloa, na uso umechangamka kuliko ulivyokuwa wiki nzima.

"Leo umewahi," Matroni alisema, akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Nilikuwa na shughuli kidogo, Mama."

"Dukani?"

"Hapana. Kazi tu ya kujitolea."

Matroni hakuuliza zaidi. Bwenini alijifunza kwamba ukimuuliza mtu maswali mengi unampa nafasi ya kutengeneza majibu. Alinyamaza, akasubiri Jumamosi nyingine, na ilipofika akajitanda mtandio wa rangi ya udongo na kumfuata kwa mbali.

Mkwe hakwenda mbali. Alipita nyuma ya gereji, akakata kwenye kichochoro cha mafundi seremala, akateremkia kwenye kijito kinachopita chini ya daraja la waenda kwa miguu. Pale alikuwepo mwanamume anamngoja, amesimama ndani ya maji hadi nusu ya miguu. Matroni alimtambua mara moja. Alikuwa Dobi, mwenye duka la kufua na kupiga pasi pale kona, mgane aliyejaa maungoni, mpole, ambaye mashati yake mwenyewe hayakuwahi kuonekana na mkunjo. Mkwe akaingia majini. Wakainamia kitu cheupe kilichokuwa juu ya jiwe, vichwa vyao vikakaribia kugusana, kisha mkwe akacheka. Kilikuwa kicheko cha tumbo. Tangu mkwe aolewe, Matroni hakuwahi kukisikia nyumbani kwake.

Hakuteremka. Alirudi nyumbani kwa hatua za haraka, akaketi ukingoni mwa kitanda, akampigia mwanawe simu.

"Mwanangu, mimi sisemi kitu," alianza. "Nakuambia nilichokiona tu, uamuzi ni wako. Mkeo Jumamosi anakwenda mtoni asubuhi na mapema. Anakutana na mwanamume."

Upande wa pili ulisikika mngurumo wa injini, kisha mngurumo ukazimwa.

"Mwanamume gani?"

"Dobi."

"Sawa, Mama," mwanawe akasema, na simu ikakatika. Matroni alibaki ameishika sikioni. Alitarajia kujisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, lakini wepesi haukuja.

Jumamosi iliyofuata hakujificha. Aliteremka hadi ukingoni, akasimama mikono kiunoni, akasema kwa ile sauti iliyokuwa ikiwasha taa za bweni zima, "Na mimi nimekuja kuona."

Alitegemea watu washtuke. Mkwe aliinua kichwa, akasema, "Karibu, Mama. Angalia hapo pana utelezi," kisha akamkabidhi wavu mdogo wenye mpini mrefu, kana kwamba walikuwa wamepanga.

Hapo ndipo alipoelezwa. Walikuwa kundi la watu wa mtaani, wa kujitolea, na kila mmoja alikuwa na kipande chake cha kijito. Waligeuza mawe, wakachota wadudu waliojishika chini yake, wakawamwaga kwenye trei nyeupe, wakawatambua, wakawahesabu, kisha wakawarudisha majini. Hesabu ilitumwa kwa simu kwa mtafiti mmoja wa chuo kikuu, mwanamke aliyekuwa akichunguza vijito vya mji mzima na ambaye asingeweza kuwa kila mahali kwa miguu yake miwili.

"Wadudu wanamwambia maji yakoje," mkwe alieleza. "Huyu mwenye mikia mitatu hawezi kukaa kwenye maji machafu hata kidogo. Sisi tunamwita Mkia-tatu. Hawa funza wekundu wanaishi popote, hata kwenye mtaro. Kwa hiyo ukiwakuta funza peke yao, ujue mambo ni mabaya."

"Na nani anawalipa?"

"Hakuna anayetulipa, Mama."

"Basi kuna mtu anafaidika," Matroni alisema, akimtazama Dobi kwa jicho la pembeni.

"Konokono ndio wanaofaidika," alijibu mtu wa tatu aliyekuwa majini upande wa juu wa daraja, fundi baiskeli mwembamba waliyemwita Spoki. "Tukiwahesabu wanajiona watu wa maana."

Wote walicheka isipokuwa Matroni. Lakini hakuondoka. Alikuwa ameshakata shauri: kama mambo ya pale yalikuwa safi, hakuna ambaye angekosa raha kwa kutazamwa. Akawa mwanachama wa kundi lile kwa sababu ambayo hakumwambia mtu.

Jambo moja hakulitegemea, nalo ni kwamba kazi ilimnasa. Alipogeuza jiwe lake la kwanza alimkuta mdudu aliyejijengea kijumba cha punje za mchanga, chembamba na kirefu kama kifuniko cha kalamu, naye ametoa kichwa nje kama mpangaji anayechungulia mwenye nyumba. Alimtazama kwa lenzi hadi mgongo ukamuuma. Usiku wa siku ile alimwona kwenye ndoto. Kwa wenzake alisema tu kwamba maji ni ya baridi na kwamba Spoki anahesabu kama mlevi.

Nyumbani, wakati huo, hali ilianza kubadilika. Dereva alikuwa na desturi ya kumpigia mkewe kila alipoegesha lori. Sasa alimpigia mara chache, na mazungumzo yalikuwa mafupi. Matroni, akiwa jikoni, alisikia upande mmoja wa maneno. "Nipo nyumbani. Ndiyo, nyumbani. Na Mama. Muulize." Kisha mkwe aliiweka simu mezani kifudifudi na kuendelea kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Matroni aliona yote hayo, na kila alipotaka kusema neno, alijiambia kwamba mwenye hatia ndiye hukosa raha.

Kipande cha Dobi kilikuwa chini kabisa, pale kijito kinapopita nyuma ya duka lake. Zamani alikuwa na mwenzake wa kuhesabu naye, lakini mwenzake alihamia mji mwingine, na tangu hapo, kila walipotawanyika kutoka darajani, Dobi alihesabu peke yake. Hesabu zake zilikuwa zilezile siku zote, yaani funza wekundu, ruba mmoja mmoja, na basi. Hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alijua kwamba bomba la duka la Dobi linamwaga maji ya sabuni moja kwa moja kijitoni, na Dobi mwenyewe hakulizungumzia.

Ndipo Dobi akaanza kutuma habari za ajabu. Kwanza alisema ameona Mkia-tatu mmoja. Jumamosi ya baadaye, kadhaa. Baadaye akasema na wale wenye vijumba vya mchanga wamerudi.

Matroni alipozisikia habari hizo, aliacha kutafuna. Hapo sasa, alijiambia, mtu amejisahau. Kwenye bweni, msichana aliyetoroka hakunaswa kwa kukosa maelezo. Alinaswa kwa kuwa na maelezo mazuri kupita kiasi.

Mara mbili alijitolea kwenda kumsaidia Dobi kuhesabu. Mara zote mbili Dobi alikohoa, akasema hakuna haja, mawe ya kule yana utelezi, mama mtu mzima asije akaumia. Mara ya pili Matroni alimwona Dobi akimtupia mkwe wake jicho, na mkwe akainamisha uso haraka. Shaka mbili zilizokuwa zikitembea kila moja kivyake zikashikana mikono.

Mtafiti alikuja mwisho wa mwezi kuwaonyesha kundi zima matokeo. Walikusanyika kwenye darasa la chekechea lililokuwa wazi siku hiyo, watu wazima wamekalia viti vidogo, magoti yamewafika kifuani. Mtafiti, mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti ya upole, aliwasha mashine, na mistari ya rangi ikaonekana ukutani. Vipande vingine vyote vilikuwa vimetulia palepale au vimeshuka kidogo. Mstari wa Dobi ulikuwa umepanda kama ngazi.

"Hapa pana jambo la kufurahisha," Mtafiti alisema, "na sijui bado ni kwa nini."

"Mimi najua," Matroni alisema, akasimama. Kiti kidogo kilimng'ang'ania, akakitoa kwa mkono. "Nimeishi na waongo wadogo maisha yangu yote, na mkubwa naye namjua nikimwona. Maji ya sabuni ya duka lake yanaingia palepale. Tangu lini wadudu wakapenda sabuni? Anahesabu peke yake, mtu akitaka kumsaidia anakataa. Huyu anakaa dukani kwake, anatunga namba, anawatumia."

Angeishia pale labda mambo yangekuwa madogo. Lakini maneno yalikuwa yameshashika kasi.

"Na mtu anayeweza kudanganya juu ya wadudu," aliongeza, macho yamemgeukia mkwe wake, "anaweza kudanganya na mengine. Nadhani wanaohusika wamenielewa."

Walimwelewa wote. Spoki, ambaye hakukosa la kusema hata msibani, aliangalia viatu vyake. Mkwe alisimama, akachukua begi lake, akatoka nje bila kukimbia. Dobi alikuwa amekuja na wavu wake kwa sababu mpini ulihitaji kufungwa upya. Aliulaza juu ya meza polepole, akaunyoosha kama anavyonyoosha kola ya shati.

"Haya," alisema. Akatoka naye, kwa mlango wa upande wa pili.

Mtafiti alizima mashine. Hakumkaripia Matroni, na Matroni angependelea akaripiwe.

"Shaka yako kuhusu namba ni ya haki, Mama," alisema. "Hata mimi niliona mstari ule nikajiuliza. Kipimo kikitushangaza tunatuma watu wengine wakarudie, awe ni wa Dobi au ni wangu mwenyewe. Nilikuja leo kuwaomba hivyo. Ungeniuliza mimi kwanza." Alivua miwani, akaifuta. "Hayo mengine uliyosema, hayo mimi sina wavu wa kuyapima."

Nyumbani, mkwe alikuwa amekaa jikoni bila kuwasha jiko. Matroni alijifanya anatafuta kitu kabatini.

"Mama," mkwe alisema, "ulikuja mtoni kwa ajili ya wadudu au kwa ajili yangu?"

Matroni aliendelea kupekua kabati.

"Mume wangu ameniuliza kama Dobi ana mke. Hajawahi kumtaja Dobi tangu anioe. Nikajiuliza, swali hilo amelitoa wapi? Nimejiuliza wiki nyingi, na sikutaka kufikiri ninavyofikiri. Siku ile ya kwanza ungeniuliza tu ninakwenda wapi, ningekupeleka."

"Ulivuta komeo kama mwizi," Matroni alisema hatimaye.

"Nilikuwa sitaki kukuamsha."

Jibu lilikuwa dogo mno. Matroni alilipekua ndani na nje akitafuta mahali pa kulishuku, na hakupaona. Usiku huo alilala usingizi wa mang'amung'amu, lakini bado alikuwa na tegemeo moja. Namba za Dobi. Kama namba zilikuwa za uongo, basi yeye hakuwa amekosea kila kitu.

Walikwenda kurudia kipimo siku mbili baadaye. Alikuwepo Mtafiti, Spoki, mkwe, na Matroni, ambaye aliingia majini wa kwanza. Dobi hakuwepo, lakini dirisha la duka lake lilikuwa wazi na mvuke wa pasi ulikuwa ukitoka. Matroni aligeuza jiwe, hakukuta kitu. Akageuza la pili, likawa tupu, na la tatu lilikuwa na funza wekundu wawili. Akaanza kuhisi joto la ushindi likipanda shingoni.

"Hapa," mkwe alisema kwa sauti isiyo na furaha.

Aliinua jiwe bapa. Upande wake wa chini ulikuwa unatembea. Mikia-tatu walikuwa wakikimbilia kivulini, wakubwa kwa wadogo, wengine wadogo kama kope. Spoki naye akageuza lake. Halafu Mtafiti. Walipofika katikati ya kijito, kila jiwe lilikuwa na wenyewe.

Matroni alisimama na maji yakimpita miguuni. "Amewaleta kwenye ndoo," alisema. "Amewatoa juu huko, akaja akawamwaga hapa."

Hakuna aliyecheka. Mtafiti alimletea trei. "Ungewamwaga kwenye maji mabaya, Mama, wasingekaa. Wangekufa au wangeachia wakaenda na maji. Hawa wamekulia hapa. Ona wanavyopishana ukubwa. Mtu hawezi kubuni hivi." Kisha akainua macho kuelekea juu ya kingo. "Kwa hiyo maji ndiyo yaliyobadilika. Tunachotakiwa kujua ni kwa nini."

Matroni aliiweka trei chini, akapanda kingo peke yake. Hakujua anatafuta nini, ila kutafuta ndicho kitu pekee alichokijua kukifanya anapokuwa na dhiki. Alilikuta bomba la duka la Dobi, lile lililokuwa likitoa povu. Lilikuwa kavu, na buibui alikuwa ametanda mlangoni mwake. Akazunguka hadi nyuma ya duka. Pale, kati ya ukuta na uzio, palikuwa na shimo refu lililochimbwa kwa jembe, limejazwa kokoto na mchanga, na juu yake matete mabichi yamesimama kwa safu. Bomba jipya lilikuwa linatoa maji meupemeupe ya sabuni upande mmoja wa shimo. Upande wa pili hapakuwa na kitu isipokuwa udongo wenye unyevu.

"Ulikuwa unatafuta ndoo?"

Dobi alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, pasi mkononi. Dirisha lilikuwa wazi, alisikia yote.

"Umechimba lini?" Matroni aliuliza.

"Kidogo kidogo. Baada ya kufunga duka."

"Kwa nini hukusema?"

Dobi aliweka pasi juu ya kizingiti. "Ningesema nini, Matroni? Kwamba mimi ninayehesabu wadudu ndiye ninayewaua? Kila Jumamosi nageuza mawe, nakuta funza tu, natuma. Watu wanaliona bomba langu, lakini kwa kunistahi wanasema kipande cha Dobi kina bahati mbaya. Mimi najua si bahati. Nikasema nichimbe kwanza, nione kama wadudu watarudi. Wakirudi, nitasema. Wasiporudi, basi nimeficha aibu yangu." Alitazama matete. "Nilikataa msaada wako kwa sababu ukifika pale mtoni ni hatua chache tu hadi kwenye hili shimo. Na wewe huna macho ya kuona kitu ukakiacha."

"Mkwe wangu alijua?"

"Yeye ndiye aliyeniambia matete yanachuja maji. Alimwuliza Mtafiti bila kunitaja, kisha akaja kunieleza. Nilimwomba asimwambie mtu yeyote mpaka niwe na uhakika. Siku ile ulipokuwa umesimama mbele ya watu, neno moja tu kutoka kwake lingenisafisha mimi na yeye. Alinyamaza kwa sababu alikuwa ameniahidi."

Hapo Matroni alitafuta mahali pa kukaa, hakupata, akaegemea uzio. Maneno ya kuomba radhi alikuwa akiyafahamu vizuri, amewafundisha wasichana wengi kuyasema. Aligundua kwamba yeye mwenyewe hajayatumia kwa muda mrefu, na yalitoka yamepinda.

"Nimekukosea," alisema. "Mbele ya watu. Nitakwenda kusema mbele ya watu walewale."

"Hilo ni lako," Dobi alijibu, akaichukua pasi yake na kuingia ndani.

Alilisema darasani kama alivyoahidi, amesimama wima, bila kutia chumvi wala kujitetea. Hilo lilikuwa gumu, lakini la nyumbani lilikuwa gumu zaidi. Alimwita mkwe wake sebuleni, akaweka simu katikati ya meza kwa sauti ya juu, akampigia mwanawe.

"Niliyokuambia kuhusu mkeo," alisema, "niliona watu wawili wanaangalia wadudu kwenye trei. Hicho tu ndicho nilichokiona. Mengine niliyaongeza mimi kichwani, nikakupa kama niliyaona. Mkeo hana kosa. Kosa ni langu."

Mkwe alikuwa anatazama simu kama mtu anayetazama daktari.

"Mama," sauti ya mwanawe ilisema, "nani amekuambia useme hivi?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Yuko hapo?"

"Yupo, lakini..."

"Basi nikija tutaongea."

Matroni alimsikia mwanawe, na ndani ya sauti ile alijisikia mwenyewe: ule utulivu wa kutokubali, ule ujanja wa kuuliza nani yupo chumbani. Hakuna mtu mwingine aliyemfundisha.

Dereva alifika katikati ya wiki, akala, akalala, akazungumza habari za barabara. Jumamosi alipoona mkewe anavaa mabuti, naye akavaa viatu. Alitembea nyuma yao hadi kijitoni, akasimama ukingoni mikono kiunoni.

Dobi hakuwa amekanyaga majini tangu siku ya darasani. Mtafiti alikuwa amemwomba arudi, na Spoki alimwomba kwa mizaha, kisha bila mizaha. Siku hiyo aliteremka. Alisalimia watu wote, na dereva pia, kwa jina la kazi yake, bila kukwepa macho.

"Nitahesabu," alimwambia Mtafiti, "kwa sharti moja. Sihesabu tena peke yangu. Nataka mkaguzi, na namtaka huyu." Alimwonyesha Matroni. "Namba yangu isitoke mpaka yeye aikubali. Akisema ni sahihi, mtaani hapa hakuna atakayenibishia."

Haikuwa zawadi, wala haikuwa msamaha. Matroni alielewa hivyo. Alikunja sketi yake, akaingia majini. Walifanya kazi bila maneno mengi. Dobi aligeuza, Matroni akachota, kisha kila mmoja akahesabu kimoyomoyo. Juu ya kingo dereva aliwatazama, akamtazama mkewe aliyekuwa upande wa juu wa daraja pamoja na Spoki, akawatazama tena. Alitafuta kitu kwa muda mrefu. Matroni alijua anavyotafuta, akajua pia kwamba hawezi kumsaidia. Hatimaye dereva aliketi juu ya jiwe, akawasha sigara, akaisahau mkononi.

Jioni wale wawili waliingia chumbani kwao, wakafunga mlango. Sauti zilianza kupanda, ya mwanamume kwanza, kisha ya mwanamke, na ya mwanamke haikushuka. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Matroni alikuwa ukumbini, na kutoka pale kila neno lingemfikia bila hata kutega sikio. Alinyanyuka, akachukua kiti, akakibeba hadi nje, akavuka ua, akaenda kukaa mbele ya karakana ya seremala, ambako msumeno ulikuwa ukilia usiruhusu kusikia kitu kingine. Alikaa pale mpaka seremala akafunga.

Hakuuliza walichozungumza, na hakuambiwa. Dereva aliondoka na lori lake kama kawaida. Kwa miezi mingi alimpigia simu mkewe tu, na Matroni alipata habari za mwanawe kutoka kwa mkwe, mezani, wakati wa chai. Hakulalamika. Taratibu mkwe alianza kumsimulia na mambo ambayo hakuulizwa.

Mtafiti alipowaonyesha mistari mara nyingine, kipande cha Dobi kilikuwa bado juu, na safari hii chini ya mstari palikuwa na maelezo ya shimo la matete. Mwenye gereji alikuja kuliangalia, halafu mwosha magari. Wa kwanza aliahidi na hakuchimba, wa pili alichimba bila kuahidi. Dobi aliwaeleza wote kwa upole uleule. Kwa Matroni pia alikuwa mpole, ila mizaha aliyowapa wengine hakumpa yeye.

"Kumi na tisa," Dobi alisema Jumamosi moja, trei iko kati yao.

"Kumi na saba," Matroni akasema. "Hawa wawili ni maganda matupu. Wenyewe wameshatoka."

Dobi alichukua lenzi, akainama, akatazama kwa makini, asiharakishe.

"Huyu mmoja ni ganda," alikubali. "Yule pale ameinua mkia."

Wakainama wote wawili juu ya trei, wakimngoja mdudu aamue.